Kabla Hujaiita Adimu: Mwongozo wa Kamera za Filamu kwa Mtu wa Arua na Koboko

Siku hizi mtu akikuletea kamera kuukuu pale Onduparaka, hakuambii kwamba ni kuukuu. Anakuambia ni adimu. Anaitoa kwenye kavera, anaipangusa kwa shati, kisha anaanza historia: ilikuwa ya padri Mwitaliano wa Ediofe, au ya daktari Mzungu wa Kuluva, au ya ofisa wa jeshi aliyekimbilia Zaire mwaka 1979. Kama alishapitia intaneti kabla ya kuja, ataongeza kwamba ni kamera ya majaribio, kiwandani zilitoka mbili tatu tu. Ndipo anataja bei.

Mwongozo huu ni wako wewe unayesikiliza maneno hayo. Ni wako pia kama kamera iko nyumbani tayari, ndani ya sanduku la bati la babu, na hujui uitupe, uiuze au umpe mtoto achezee. Nitaanzia mbali, Ujerumani, kwa sababu bei za kutisha unazozisikia zimetoka huko. Sanduku la bati tutalifikia.

Mamilioni hayo yananunua nini

Tarehe 11 Juni 2022, katika mji wa Wetzlar, Leica namba 105 iliuzwa mnadani kwa yuro milioni 14.4, ada ya mnada ikiwemo. Kabla ya hapo hakuna kamera iliyokuwa imefikia hata robo ya bei hiyo. Wenye mnada wenyewe walikuwa wamekadiria milioni mbili hadi tatu.

Aliyeibuni ni Oskar Barnack, fundi wa kiwanda cha Ernst Leitz kilichokuwa kikitengeneza hadubini. Barnack alipenda kupiga picha lakini alikuwa na pumu, na kamera za wakati wake zilikuwa masanduku mazito yanayotumia vipande vya kioo. Akachukua mkanda wa sinema wa milimita 35, akaupitisha ubavu, kila picha akaipa nafasi ya fremu mbili za sinema: milimita 24 kwa 36. Kipimo hicho ndicho kilichokuja kutumika dunia nzima, hadi kwenye studio za Arua. Kamera yake ya kwanza ilikuwepo karibu mwaka 1914, lakini vita vikaingilia. Mwaka 1923 kiwanda kikatengeneza nyingine ishirini na ushee za kujaribia, namba 105 ikiwemo. Mwaka 1924 Ernst Leitz mdogo akaamua kwamba kazi iendelee, na 1925 Leica ikaonyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya Leipzig.

Zile za 1923 zilikuwa na kasoro moja inayochekesha. Pazia la shata halikujifunga wakati wa kuvuta filamu mbele. Mpiga picha alilazimika kufunika lenzi kwa kifuniko kila anapotaka kuzungusha filamu, la sivyo mwanga unaingia na picha inaharibika. Zilizouzwa madukani kuanzia 1925 zilikuwa zimeshatibiwa tatizo hilo. Kwa hiyo anayetoa mamilioni kununua kamera ya 1923 ananunua kamera mbovu kuliko iliyoifuata, tena anajua. Anachokitaka ni kuona mahali ambapo fundi alikuwa bado hajapata jibu. Hapo ndipo penye utamu kwa mkusanyaji, na ndiyo maana kamera hizi hazilinganishwi na saa ya dhahabu au gari la kifahari, vitu vinavyopendwa kwa ukamilifu wake.

Sasa angalia hesabu hii, maana mwongozo wote umeegemea hapo. Mwaka 2018 iliuzwa kamera nyingine ya kundi lile lile la 1923 kwa yuro milioni 2.4. Miaka minne baadaye namba 105 ikaenda kwa mara sita ya bei hiyo. Chuma ni kile kile, kiwanda ni kile kile, mwaka ni ule ule. Tofauti ni kwamba namba 105 ilikuwa kamera ya Barnack mwenyewe, jina lake limechongwa juu ya kitafutia picha, na njia iliyopita hadi kufika mnadani inajulikana. Mara tano za ziada zililipwa kwa ajili ya ushahidi.

Moja iliyozaliwa kwa sababu ya Afrika Mashariki

Watu hudhani habari za kamera za majaribio ni za Wajerumani na Wajapani peke yao. Sivyo. Mmarekani Carl Akeley, mtaalamu wa kukausha wanyama kwa ajili ya makumbusho, alikuja Afrika Mashariki 1909. Mwaka uliofuata alijaribu kupiga sinema ya Wanandi wakiwinda simba kwa mikuki, katika nchi ambayo leo ni Kenya. Mambo yale hutokea kwa sekunde chache, na kamera yake ilikuwa nzito kugeuza. Simba amekufa, mwenye kamera bado anahangaika na miguu ya stendi. Alirudi kwao na hasira, akaunda kamera yake mwenyewe: ya duara, ndani ya kasha la chuma, juu ya kichwa kinachogeuka kwa ulaini kila upande ili mtu aweze kumfuata mnyama anayekimbia. Mwaka 1921 aliipeleka kwenye milima ya Virunga, Kongo ya Mashariki, akapiga filamu ya sokwe wa milimani wakiwa porini, kazi ambayo hakuna aliyekuwa ameifanya kabla yake. Alifia huko huko mwaka 1926, akazikwa kwenye mteremko wa mlima Mikeno.

Ukikutana na kamera ya sinema ya duara yenye jina la Akeley, usianze kuifungua kwa bisibisi. Ifunike kwa kitambaa, nenda ukatafute mtu anayejua.

Ipi hasa ni ya majaribio

Kiwanda hakiruki kutoka kwenye wazo hadi dukani. Kwanza mafundi hutengeneza moja au chache kwa mkono, ili kuona kama wazo linafanya kazi. Baadaye hutengeneza nyingine kadhaa kwa mashine mpya, kupima kama mashine zinatoa kitu kilicho sawasawa. Hizi huweza kupewa wapiga picha au magazeti wazijaribu. Ndipo huja za kuuza. Za hatua ya kwanza ndizo wakusanyaji wanazozililia. Za hatua ya pili nazo zina bei, lakini si ile. Kamera iliyotengenezwa chache kwa sababu haikupata wateja ni adimu, ila si ya majaribio, na muuzaji anayechanganya mambo haya mawili ama hajui ama anajua sana.

Nyingi za majaribio zilivunjwa na viwanda vyenyewe. Zilizobaki ziliponea mikononi mwa mafundi waliozichukua nyumbani, au kwa mwandishi aliyeazimwa asirudishe, au zilitoka kiwanda kilipofilisika na mali yake ikauzwa kwa jumla. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mtu wa Arua ni hili: kitu kilichotakiwa kivunjwe Tokyo au Dresden kimefikaje huku kwetu West Nile? Jibu linaweza kuwepo. Lakini lazima liwepo.

Kuna wakati jina lenyewe hukusaidia. Canon haikuanza na jina hilo: kamera yake ya majaribio ya miaka ya 1933 na 1934 iliitwa Kwanon, kwa jina la mungu wa huruma wa Kibudha, na iliyouzwa baadaye ikabadilishwa jina. Wakati mwingine jina hukudanganya. Mwaka 1960 kampuni ya Asahi Optical ilionyesha mjini Cologne Pentax ya majaribio iliyopima mwanga wa sehemu ndogo tu ya picha, ikaiita Spotmatic kwa sababu hiyo. Ilipofika madukani mwaka 1964 ilikuwa inapima mwanga wa picha nzima, lakini jina likabaki vile vile. Spotmatic ni kamera nzuri sana, na zilitengenezwa kwa wingi. Anayekuambia kwamba yake ni ile ya mwaka 1960 akuonyeshe ndani, si jina.

Iweke mezani

Tuje kwenye kamera iliyo mbele yako. Kabla ya yote, usifungue mgongo wake. Hilo ndilo kosa linalofanywa na karibu kila mtu, na ndilo lisilorekebishika, kwa sababu ndani panaweza kuwa na filamu iliyopigwa na haijasafishwa bado.

Kama ni kamera ya boksi au ya kukunja, igeuze utazame nyuma. Utaona kidirisha kidogo, mara nyingi chekundu, cha ukubwa wa kitufe cha shati. Kiinamishe kwenye mwanga hafifu, usikipeleke juani. Ukiona namba, au alama za vidole na nukta, filamu ipo, na namba hiyo inakuambia mpiga picha aliishia picha ya ngapi. Ukiona weusi mtupu, huenda haimo. Kama ni kamera ya milimita 35, shika kitufe cha kurudishia filamu, upande wa kushoto juu, ukizungushe polepole kufuata mshale. Kikizunguka bure hakuna kitu. Kikikaza kidogo, kama kuna kitu kinavutwa ndani, acha hapo hapo. Kuna filamu.

Filamu nyeusi na nyeupe iliyokaa miaka 40 bado inaweza kutoa picha kwa fundi mvumilivu, japo zitakuwa na ukungu. Filamu ya rangi ni bahati nasibu. Kama kwenye kasha pameandikwa Kodachrome, jua kwamba rangi zake hazitapatikana tena: maabara ya mwisho duniani iliyoisafisha, Dwayne's Photo ya Kansas, iliacha kupokea filamu hizo tarehe 30 Desemba 2010, na dawa zake hazitengenezwi tena. Bado inaweza kusafishwa ikatoa nyeusi na nyeupe. Mwambie fundi mapema, asije akaimwagia dawa za rangi za kawaida.

Baada ya filamu, namba. Chukua daftari, uandike kila maandishi yaliyoko mwilini mwa kamera na kwenye ukingo wa lenzi, jinsi yalivyo, pamoja na makosa. Namba ya kiwandani hukaa juu au chini, na huwa imechongwa kwa mashine: tarakimu zina kimo kimoja, zimesimama wima, zimejazwa rangi. Kwenye kamera ya majaribio namba inaweza kukosekana kabisa, au ikawa fupi mno, au imechongwa kwa mkono, moja imeinama na nyingine imezama. Kwa Leica, zile za 1923 zina namba zinazocheza kati ya 100 na 125. Nimekutajia hilo ujue tu; mwenye nia ya kuchonga bandia anajua pia.

Kisha angalia kazi ya mikono. Lete kioo cha kukuzia, au tumia simu yako ukivuta picha karibu. Kamera ya dukani ina kingo laini na skrubu za aina moja. Ya majaribio huonyesha mikwaruzo ya tupa na ya mashine ya kukerezea, vitundu vilivyotobolewa vikaachwa wazi kwa sababu wazo lilibadilika, shaba mahali ambapo ndugu zake wana aluminiamu, sehemu zisizopakwa rangi kwa ndani. Mara nyingine haina jina la kampuni wala nchi ilikotengenezwa, kwa sababu haikukusudiwa kuvuka mpaka.

Hapa lazima niseme jambo la kwetu. Dalili hizo zote unaweza kuzikuta kwenye kamera ya kawaida kabisa iliyopita mikononi mwa fundi wa hapa. Vipuri havikuwepo, hasa baada ya 1972 wafanyabiashara wa Kihindi walipofukuzwa na maduka yao kufungwa au kubadilisha mikono. Fundi wa saa alitoa springi kwenye saa akaitia kwenye shata. Mgongo wa kamera moja ulifungwa kwenye mwili wa nyingine. Skrubu iliyopotea ilipata mbadala kutoka kwenye redio. Ukiiona kamera ya namna hiyo leo, ni ajabu kweli, na mtu wa Ulaya asiyejua maisha ya huku anaweza kuipokea kwa heshima kubwa. Usimuuzie kama ya majaribio. Muuzie kama ilivyo, kamera iliyotibiwa West Nile, na umwambie nani aliitibu. Mimi binafsi ningependelea hiyo kuliko Leica ya kabatini, lakini mimi sina yuro milioni 14.

Dhahabu, tai na mbawa

Kamera bandia unayoweza kukutana nayo zaidi ni Leica ya kifahari: imepakwa rangi ya dhahabu, imevikwa ngozi ya nyoka au ya mamba, juu imechongwa tai wa jeshi la Hitler au alama za Olimpiki ya Berlin ya 1936. Wenye kuziuza huapa kwamba ni toleo maalumu au ni ya majaribio ya jeshi la anga. Karibu zote ni kamera za Kisovieti. Kiwanda cha FED mjini Kharkiv, Ukraine, kilianza kuiga Leica mwaka 1934. Kilianzia kwenye kituo cha kulelea vijana, na jina lake ni herufi za mwanzo za Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi wa siri wa Kisovieti. Baada ya vita ikafuata Zorki, karibu na Moscow. Zilitengenezwa kwa wingi mkubwa, ni imara, ni rahisi. Wajanja hufuta maandishi ya Kirusi, wakachonga ya Kijerumani.

Kipimo kimoja hukamata nyingi. Fungua lenzi kwa kuizungusha. Mgongo usiuguse, na kama kuna filamu ndani fanya kazi hii kwenye mwanga hafifu au uiache. Chungulia ndani ya tundu ilikotoka lenzi, upande wa juu. Utaona mkono mdogo wa chuma unaosukumwa na lenzi ili kupima umbali. Kwenye Leica ya kweli ncha yake ni kigurudumu cha duara kinachozunguka. Kwenye FED na Zorki ncha hiyo ni kipande kilichochongoka, hakizunguki. Ukiona kilichochongoka, mjadala wa tai na dhahabu umekwisha.

Leica za dhahabu za kweli zilikuwepo, mwaka 1929 hadi 1931, kama 95 hivi, na zilikuwa za aina ya kwanza isiyo na kipima umbali. Kwa hiyo ikija ya dhahabu yenye vidirisha vitatu mbele, na anayeiuza ana haraka ya kuwahi gari la Koboko, mwache aliwahi.

Sisemi FED haina thamani. Ukiipata bila kuchakachuliwa, na maandishi yake ya Kirusi, nunua kwa bei ya kawaida upigie picha. Hali kadhalika Zenit, iliyotengenezwa kwa mamilioni, na Yashica Mat ya lenzi mbili ambayo studio nyingi za Uganda ziliitegemea. Hizi ni kamera za kazi. Hazitakujengea nyumba.

Hadithi nayo ina karatasi zake

Turudi kwa yule mtu wa kavera. Amesema kamera ni ya daktari wa Kuluva. Huenda isiwe porojo tu: hospitali ile iko kusini ya Arua, na daktari wake Ted Williams anajulikana katika historia ya tiba. Mwaka 1961 alisafiri na Denis Burkitt na Cliff Nelson kwa gari, hospitali hadi hospitali, wakiulizia uvimbe wa taya wa watoto ambao leo unaitwa kwa jina la Burkitt. Kamera iliyothibitishwa kuwa ya safari ile ingetafutwa na makumbusho, hata kama ni ya aina inayouzwa bei ya kuku wawili. Lakini ithibitishwe kwa nini? Kwa negativu zenye picha za safari hiyo zilizotoka kwenye sanduku moja na kamera. Kwa barua. Kwa risiti yenye namba inayolingana na namba ya mwilini. Kwa picha ya mwenyewe ameivaa shingoni. "Nilimsikia mzee akisema" ni mwanzo wa uchunguzi.

West Nile ni mahali pagumu kwa karatasi. Rais Idi Amin alipoanguka mwaka 1979 na jeshi kulipiza kisasi Koboko na Arua mwaka uliofuata, watu walivuka mipaka kwa maelfu, wengine Zaire, wengine Sudan. Mtu anayekimbia hubeba mtoto, godoro, sufuria. Albamu zilibaki, zikaungua, au zilifukiwa shambani na aliyezifukia hakurudi. Ndiyo maana nasema: ukipata sanduku lenye kamera na makaratasi, usianze kutenganisha. Bahasha iliyoliwa nusu na mchwa, yenye tarehe na jina la harusi, inaweza kuwa ndiyo sehemu ya thamani zaidi. Kamera ya aina hiyo ipo nyingine Japani. Harusi hiyo haipo kwingine.

Kampala kuna mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 2015, katika shirika la utangazaji la taifa, UBC, zilipatikana negativu zipatazo 70,000 zilizopigwa na wapiga picha wa Wizara ya Habari, nyingi za enzi ya Idi Amin. Nyingi hazikuwahi kuchapishwa popote. Zilikuwa zimehifadhiwa kwenye bahasha zenye tarehe na maelezo ya tukio, na kwa sababu ya maandishi hayo machache watafiti waliweza kujua nani anaonekana na wapi. Mwaka 2019 baadhi zilionyeshwa kwenye Makumbusho ya Uganda. Bahasha bila maandishi ingekuwa umati wa watu wasio na majina. Kuna pia History in Progress Uganda, mradi ulioanzishwa 2011 na Andrea Stultiens na Canon Griffin Rumanzi, ambao hukusanya na kunakili picha za zamani za familia na za wapiga picha wa Uganda; hao wanaelewa ukiwaambia kwamba hutaki kuuza, unataka tu picha zisipotee.

Basi kaa na wazee kabla ya kukaa na mnunuzi. Usimuulize mama mkubwa "kamera hii ni ya mwaka gani?" kwa sababu atakubahatishia mwaka wa kukufurahisha. Muulize nani aliishika siku ya ubatizo wa fulani, filamu ilinunuliwa duka gani, picha zilisafishwa Arua au zilipelekwa Kampala, na ni nani aliyekatazwa kuigusa. Rekodi kwa simu, kwa lugha yake, Kilugbara, Kikakwa au Kinubi. Usimlazimishe Kiswahili chako. Geuza kila picha ya karatasi utazame mgongoni: studio nyingi zilipiga mhuri nyuma.

Kwa Leica kuna njia ya ziada. Kiwanda kiliandika kwenye vitabu kila kamera ilipelekwa lini na kwa nani, na vitabu hivyo bado vipo Wetzlar. Ukiwa na namba kamili unaweza kuomba taarifa. Jibu likisema kamera yako ilipelekwa kwa wakala wa Afrika Mashariki mwaka ambao babu aliutaja, umepata kitu ambacho hakuna dalali anayeweza kukunyang'anya.

Kuitunza hadi hapo

Adui wa kwanza wa lenzi huku ni kuvu. Mvua za Arua huanza karibu Machi au Aprili, zikaendelea hadi Novemba kwa vipindi, na muda wote huo sanduku lililofungwa linahifadhi unyevu. Kuvu huonekana kama nyuzi nyembamba zenye matawi ukiimulikia lenzi kwa tochi kutoka nyuma. Mfuko wa ngozi ndio nyumba yake anayoipenda, kwa hiyo toa kamera kwenye mfuko, viweke mbali mbali, lakini visipotezane. Kusanya vile vipakiti vidogo vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, vitie kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko pamoja na kamera. Watu wengine hutumia mchele. Mchele una vumbi, na vumbi lake huishia kwenye shata.

Betri itoe leo. Nyingi za zamani ni za zebaki, zikivuja hula nyaya. Usitie mafuta ya cherehani wala ya baiskeli kwenye shata iliyoganda, hata kama unamwamini fundi. Yatateleza hadi kwenye pazia. Na usiing'arishe. Jina lililokwaruzwa na msumari chini ya kamera, rangi iliyochakaa pale kidole gumba kilipokuwa kinashika, utepe wa studio, vyote hivyo ni ushahidi. Mnunuzi mzuri hulipia uchakavu wenye mwenyewe.

Negativu zinazonuka siki zimeanza kuoza. Zitenge na nyingine, zipate hewa, na uzinakili haraka kwa simu juu ya karatasi nyeupe iliyomulikwa kwa nyuma. Nakala hiyo si bora, lakini inapatikana leo.

Ukiamua kuuza

Kwanza malizaneni nyumbani. Kamera ya marehemu ni mali ya familia, na mjukuu anayeiuza kimya kimya hugundulika siku picha yake inapotokea mtandaoni na bei pembeni. Andikeni makubaliano, watie sahihi wanaohusika, na mwenyekiti wa LC1 aweke mhuri. Karatasi hiyo itatumika tena baadaye: mnada wowote wa maana utauliza umeipataje.

Nyumba za minada zinazouza kamera, ikiwemo Leitz Photographica Auction yenyewe iliyouza namba 105, hutoa makadirio kwa kutazama picha. Piga picha sita wakati wa mchana, kivulini, juu ya kitambaa cha rangi moja: mbele, nyuma, juu, chini, namba kwa karibu, na tundu la lenzi likiwa wazi. Eleza unachokijua na unayekijua kupitia kwake. Usiandike neno "majaribio". Kama ni ya majaribio watalisema wao, na wakilisema wao bei hupanda, ukilisema wewe hushuka. Uliza ada yao ni asilimia ngapi, nani anabeba gharama ya kusafirisha na bima, na kamera isipouzwa inarudije Arua. Kabla haijavuka mpaka, waonyeshe watu wa Makumbusho ya Uganda, hasa kama ina picha au karatasi za kihistoria, wakueleze kama inahitaji kibali.

Anayekuja nyumbani na fedha taslimu na kusema "iamue sasa, naondoka jioni" mpe chai. Akitaka kuitazama, aitazame mezani, mbele ya watu wawili, lenzi asibadilishe, mgongo asifungue. Akitaka kwenda nayo Kampala "kuipima" kwanza, aache fedha kamili, si kitambulisho, na muandikiane namba zote mbili, ya mwili na ya lenzi, kwa sababu lenzi ndiyo inayobadilishwa njiani.